Kilichoamriwa na Kilichotokea

Trela iliyotoka bandari ya Mombasa hufika Malaba baada ya kilomita zaidi ya 900, na kwenye komeo la kontena lake huwa pamefungwa sili ya kielektroniki: kifaa chenye kipokezi cha GPS, laini ya simu na betri. Kule Mombasa kifaa hicho kilipewa amri ya kuanza kulinda. Njiani kimeandika matukio: gari limetembea, limesimama, limeacha njia iliyopangiwa, sili imeguswa. Malaba kitapewa amri ya pili, ya kuacha kulinda. Kati ya amri hizo mbili kuna mistari mingi kwenye seva fulani, na ikizuka hoja kuhusu mzigo, mistari hiyo ndiyo shahidi. Mfumo huu unaoziunganisha mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda ulianza kazi mwaka 2017. Madereva wanaulalamikia, mawakala wa forodha wameuzoea, na sasa ni sehemu ya maisha ya mpakani kama foleni yenyewe.

Ukiondoa trela ukaweka setilaiti, karibu kila swali linabaki palepale. Chombo cha angani nacho hupewa amri na huandika matukio. Nacho hupita mahali pasipo na mtandao, kikatunza habari zake hadi kipate wa kumpelekea. Tofauti kubwa ni kwamba trela ikileta utata unaweza kwenda kuushika mlango wake kwa mkono. Chombo kilicho kwenye mzunguko wa Mirihi hakuna atakayekwenda kukishika, kwa hiyo kilichoandikwa juu yake ndicho chote tulicho nacho.

Safari za angani huacha nyuma akiba za aina mbili. Ya kwanza ni vipimo: picha, namba za joto, hesabu za miale. Hiyo huchapishwa, husifiwa, hupata tuzo. Ya pili ni daftari la kazi: chombo kiliagizwa nini, lini, na nani, na baada ya hapo kilifanya nini hasa. Akiba hii ya pili hupotea mapema, kwa sababu safari ikiwa hai kila fundi anayo kichwani na haoni haja ya kuiandika kwa ajili ya mgeni. Hoja yangu ni kwamba bila daftari hilo akiba ya kwanza huanza kudanganya, na kwamba nchi zetu, ambazo ndiyo kwanza zinarusha setilaiti zake ndogo, zinaweza kulipanga vizuri tangu mwanzo kwa gharama ndogo kuliko wakubwa waliolazimika kulitafuta baadaye.

Tuanzie Bunyala, kusini mwa Kaunti ya Busia, ambako Mto Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Victoria na kila baada ya miaka michache huvunja matuta na kuingia Budalang'i. Mtu akitaka kujua maji yalienea wapi mwaka fulani, njia rahisi ni hifadhi ya Landsat, setilaiti za Marekani zilizoanza kupiga picha za dunia mwaka 1972. Tangu 2008 picha hizo hutolewa bure. Eneo letu lina anwani yake humo, njia ya 170, safu ya 60, na Landsat moja hulipitia kila baada ya siku 16.

Sasa chukua picha ya Landsat 7 ya mwaka 2002 na nyingine ya 2004. Hiyo ya pili ina mistari myeusi iliyoikatakata kutoka upande hadi upande. Tarehe 31 Mei 2003 kifaa kilichokuwa kikisahihisha mwendo wa kioo cha skana kiliharibika, na tangu siku hiyo kila picha ilikosa takriban asilimia 22 ya eneo lake. Mistari huonekana kwa macho. Lakini mchanganuzi akiiambia kompyuta ihesabu hekta zenye maji katika picha mia moja, kompyuta haiulizi mistari imetoka wapi. Itahesabu maji machache kuliko yaliyokuwepo, na mtu ataandika kwamba mafuriko yalipungua baada ya 2003. Kinachomwokoa ni sentensi moja katika daftari la matukio: siku fulani, kifaa fulani, kilikufa.

Mistari myeusi angalau inaonekana. Picha ambayo haipo haionekani hata kidogo. Landsat 5 ilirushwa mwaka 1984 bila kinasa cha kutunzia picha ndani yake. Ilipasa kuzituma papo hapo, ama kwa kituo cha ardhini kilicho karibu ama kupitia setilaiti ya kati, na njia hiyo ya kati ilikatika mwaka 1992. Ndiyo maana picha za Afrika Mashariki za miaka ile ni haba. Kijana wa Port Victoria anayetafuta sura ya mto ilivyokuwa babake alipokuwa shule atakuta miezi mitupu, tena mingi.

Na utupu huo una sababu zisizofanana. Huenda hakuna aliyeagiza picha ipigwe. Huenda iliagizwa, chombo kikashindwa. Huenda ilipigwa, ikafika, kisha tepu yake ikapotea kwenye kabati la ofisi. Mtumiaji anaona kitu kimoja tu, yaani hakuna picha, ilhali kwa mtafiti sababu hizo tatu zina uzito tofauti kabisa. Ya kwanza inamweleza vipaumbele vya watu, ya pili hali ya mitambo, ya tatu uzembe wa watunzaji. Ni orodha ya amri ikisomwa sambamba na orodha ya matukio ndiyo inayozitenganisha. Hifadhi inayoorodhesha ilicho nacho tu imefanya nusu ya kazi.

Kuna dhana kwamba mambo haya ya amri yako Houston na Pasadena pekee. Ukweli ni kwamba amri nyingi hupaa kutoka pwani yetu wenyewe. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walijenga jukwaa la kurushia roketi baharini, na mnamo 12 Desemba 1970, siku Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, likarusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei angani. Marjorie Townsend, aliyeongoza mradi huo NASA, akapendekeza iitwe Uhuru. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ikataja vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti huo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Roketi zilikoma Ngomeni mwaka 1988, lakini antena zilibaki. Kituo hicho kimehudumia darubini za angani moja baada ya nyingine: BeppoSAX, Swift, AGILE, NuSTAR, IXPE. Swift, iliyorushwa Novemba 2004, huongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Penn State, na NuSTAR kutoka Berkeley, California. Amri hutungwa huko Marekani, husafiri hadi Ngomeni, hupanda kwenye chombo kinapopita juu ya Bahari ya Hindi, na data huteremka kwa njia hiyohiyo. Kisha data hizo huwekwa katika hifadhi za NASA kule Goddard, Maryland, na za Italia mjini Roma.

Hapa watu hupenda kusema kwamba tumeporwa data zetu. Siungi mkono malalamiko hayo jinsi yanavyotolewa. Data za Swift ziko wazi kwa yeyote, na mwanafunzi wa Busia mwenye bando la kutosha anaweza kuzipakua usiku huu. Tunachokosa ni ufundi wa kupanga na kutunza, ambao haupakuliki. Antena imekuwa kwetu kwa miongo, kabati la nyaraka limekuwa kwingine. Mkataba mpya wa Kenya na Italia uliosainiwa Trento mwaka 2016 umegusa suala la kupata data na la mafunzo, na hilo la pili kwangu lina uzito kuliko la kwanza.

Swift yenyewe ni mwalimu mzuri wa jinsi ya kupanga. Kazi yake ni kukimbilia milipuko ya miale ya gama. Chombo kikiuona mlipuko hujigeuza chenyewe, bila kusubiri ruhusa ya mtu, na kwa dakika moja hivi kinakuwa kimeuelekea. Maana yake ratiba iliyoandaliwa ofisini huvunjwa mara kwa mara na chombo chenyewe. Waliofikiria hifadhi yake waliliona hilo mapema wakaweka orodha mbili hadharani: ratiba iliyopangwa, na ratiba kama ilivyotekelezwa. Hawakuifuta ile ya kwanza baada ya kupata ya pili. Anayetaka kujua kwa nini nyota fulani ilitazamwa kwa sekunde mia tatu badala ya elfu moja anaziweka pamoja, anaona mlipuko uliokatiza kazi, na anajibiwa bila kumwandikia mtu barua.

Huo ndio msingi wa mpangilio wote: kilichoamriwa kiandikwe mahali pake, kilichotokea mahali pake, na wala kimoja kisitumike kusahihishia kingine. Wanaofanya kazi kwenye ofisi za pamoja za mpakani Busia, zilizofunguliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, wanalielewa hili bila kufundishwa. Hati ya mzigo inasema magunia 400. Ofisa akihesabu 392, haandiki 392 juu ya 400. Anaandika kando yake, anaweka tarehe, anasaini. Pengo kati ya namba hizo mbili ndiyo habari yenyewe.

Jaribio kubwa zaidi la kuliweka wazo hili katika mfumo mmoja limefanywa na NAIF, kitengo cha maabara ya JPL mjini Pasadena kinachoshughulikia data za kuongozea vyombo. Mfumo wao unaitwa SPICE, na kila herufi inasimamia aina moja ya habari: chombo kiko wapi, sayari ziko wapi, kifaa cha kupimia kimeundwaje, kimeelekea wapi, na mwisho E, yaani matukio. Kabati la E lilikusudiwa kuwa na droo tatu. Moja ya mpango wa kisayansi, kwamba tulitaka kufanya nini na kwa sababu gani. Moja ya mfuatano wa amri zilizotumwa. Moja ya daftari la wahusika, mahali pa kuandika kwa maneno ya kawaida kwamba jana kamera ilichelewa kuwaka, au kwamba tumeshuku kipimo hiki. Habari zingeingizwa kama jedwali, na mtu angeweza kuliuliza swali akajibiwa kwa mistari inayohusika tu.

Herufi nne za kwanza zimeenea duniani, na wanasayansi wa sayari wanazitumia kila siku. Ya tano haikupata watu. NAIF wenyewe hukiri kwamba sehemu ya matukio hutumika kwa nadra sana.

Kwa nini? Kwa maoni yangu, sababu kubwa ni kwamba herufi nne za kwanza zinahitajika leo. Bila kujua chombo kiko wapi huwezi kuisoma picha ya asubuhi hii, kwa hiyo bajeti itapatikana. Matukio yatahitajika na mtu wa miaka 20 ijayo, ambaye hayumo kwenye mkutano wa bajeti. Tena nafasi ya chombo hukokotolewa na kompyuta, ilhali daftari lazima liandikwe na binadamu aliyechoka mwishoni mwa zamu. Na kila mradi una lahaja yake. Amri huitwa kwa vifupisho ambavyo timu ilivibuni yenyewe, na kile kinachoitwa tukio kubwa na timu moja, timu nyingine haikihesabu kuwa chochote. Kulazimisha wote waingie kwenye jedwali moja ni kazi ya siasa kuliko ya kompyuta.

Katika hayo yote, kinachowatesa watunzaji kuliko kingine ni saa. Tuseme dereva amefika Malaba na sili yake ina alama ya kuguswa.

"Mkubwa, mimi hiyo sili sijaichezea. Nililala Salgaa. Jumatano saa nane usiku ndiyo niliamka nikazunguka gari kuangalia magurudumu."

"Kaka, mashine inasema Jumanne saa tano usiku."

Wanaweza kubishana hadi foleni ifike Bungoma, na wote wawili wakawa wakweli. Mifumo mingi hutunza wakati kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Saa nane usiku wa kuamkia Jumatano hapa kwetu ni saa tano usiku ya Jumanne huko. Skrini isipobadilisha, dereva amepewa kosa la siku nyingine. Na bado hatujagusa jambo la pili: kama Salgaa mtandao ulikuwa umekatika, sili ilitunza tukio na kulituma baadaye, na seva ikaandika wakati wa kupokea. Tukio moja, nyakati mbili, na kila moja ina maana yake.

Chombo cha angani huzidisha matatizo hayo. Ndani yake kuna saa isiyojua tarehe, inahesabu tu midundo tangu ilipowashwa, na hukimbia au kuchelewa kidogokidogo kadiri joto linavyobadilika. Duniani kuna saa rasmi ambayo tangu 1972 imeongezwa sekunde 27 za ziada, ya mwisho mwishoni mwa 2016, ili isiachane na mzunguko wa dunia. Amri ina wakati iliotumwa, wakati iliopokelewa, na wakati iliotekelezwa, maana amri nyingi huhifadhiwa ndani ya chombo zikisubiri saa yao. Kosa la sekunde moja linaonekana dogo hadi ukumbuke kwamba setilaiti kama Landsat husogea juu ya ardhi karibu kilomita 7 kwa sekunde. Kutoka Busia hadi Malaba, kwa mstari ulionyooka, ni sekunde nne hivi. Hifadhi inayoandika wakati mmoja tu kwa kila mstari, bila kusema ni wakati wa nani, inamtega msomaji wake.

Faida ya kuwa na orodha zote mbili ilionekana wazi katika mkasa wa Mars Global Surveyor. Chombo hicho kilirushwa Novemba 1996, kikaitumikia Mirihi miaka mingi kuliko kilivyopangiwa, na tarehe 2 Novemba 2006 kikanyamaza. Siku hiyo kilikuwa kimepewa amri ya kawaida tu, kusogeza mabawa yake ya sola. Angekuwa mtu wa haraka angesema bawa limekwama, chuma kimechakaa, mambo yameisha. Wachunguzi wakarudi nyuma katika daftari la amri. Mwezi Juni mwaka uleule, miezi mitano kabla, mafundi walikuwa wametuma marekebisho ya kumbukumbu ya kompyuta. Nayo yalitumwa kutibu kasoro iliyotokana na marekebisho ya Septemba 2005, yaliyoziacha kompyuta mbili za chombo na habari zisizofanana. Marekebisho ya Juni yaliandikwa kwenye anwani isiyo yake ndani ya kumbukumbu. Hakuna kilichoharibika siku ile. Kosa lililala.

Novemba ilipofika na mabawa yakaambiwa yasogee, yalisogea kupita mpaka wake hadi yakagonga kizuizi. Chombo kikadhani kimepata hitilafu, kikajiweka katika hali ya tahadhari, na katika kujigeuza kikaielekeza betri moja kwenye jua. Betri ikapata moto. Programu ya kuchaji ikaona joto, ikadhani betri imejaa kupita kiasi, ikaacha kuchaji. Ndani ya saa 12 hivi umeme ukawa umekwisha. Tena ile anwani isiyo yake ilikuwa imeharibu pia habari za kuelekezea antena, kwa hiyo chombo hakikuweza kueleza shida yake. Mnyororo wote huo umeunganishwa na watu waliokuwa wamekaa duniani, hawana hata kipande cha chombo mikononi. Walikuwa na orodha ya amri zenye tarehe, toleo la programu lililokuwamo kila siku, na ripoti za mwisho zilizoteremka. Orodha ya matukio peke yake ingeishia kwenye bawa lililokwama.

Viking 1, iliyotua Mirihi Julai 1976, ilipotea Novemba 1982 kwa njia inayofanana: amri iliyokusudiwa kuboresha uchaji wa betri iliandikwa juu ya habari za kuelekezea antena. Na data za majaribio yake ya kutafuta uhai zilikuwa na balaa lake. Mwaka 1999 mtafiti Joseph Miller aliziomba NASA. Tepu zilikuwepo, salama, ila zilikuwa katika mpangilio ambao hakukuwa na mtu tena wa kuusoma. Ilibidi sehemu ipatikane kutoka kwenye karatasi zilizokuwa zimechapwa zamani. Tepu za awali za matangazo ya Apollo 11, kwa mujibu wa uchunguzi wa NASA uliotolewa 2009, inaelekea zilifutwa na kutumiwa tena enzi tepu zilipokuwa adimu. Picha za Lunar Orbiter za 1966 na 1967 ziliponea kwa sababu mtunzaji mmoja, Nancy Evans, alikataa zitupwe na akazitunza pamoja na mashine za kuzisomea.

Dhidi ya hasara za aina hiyo kuna fikra ya maana. Kamati ya kimataifa ya mashirika ya anga inayoshughulikia mifumo ya data ilitoa mwongozo wa hifadhi mwaka 2002, ukawa kiwango cha ISO namba 14721 mwaka uliofuata. Kiini chake ni kwamba mtunzaji lazima ataje kwanza anamtunzia nani, halafu ahakikishe kwamba huyo mtu, kwa elimu aliyo nayo na bila kumwona mwenye data, ataelewa. Jambo hilo hugeuza kazi nzima. Kutunza faili si kutunza data. Ukiwa na faili ya amri isiyo na kamusi ya amri, na kamusi yenyewe iwe ya toleo lililokuwa likitumika mwaka ule, una mafumbo yaliyopangwa vizuri.

Kuna na hili la namna watu wanavyouliza. Logi huandikwa kwa matukio: mlango umefunguliwa saa hii, umefungwa saa ile. Watu lakini huuliza hali: mchana wa siku fulani mlango ulikuwa wazi au umefungwa? Kompyuta ikiwa na matukio tu italazimika kurudi nyuma hadi ikute tukio la mwisho la mlango, na kama tukio hilo lilipotea njiani, itajibu kwa ujasiri na itakosea. Hifadhi bora huandika yote mawili, matukio na vipindi vya hali, na hukubali kusema "haijulikani" kwa kipindi ambacho kiungo kimekatika. Neno hilo la tatu watengenezaji wa programu hawalipendi. Wakaguzi wanalihitaji mno.

Turudi kwetu sasa. Mei 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliachia 1KUNS-PF kutoka kituo cha anga cha kimataifa, kwa msaada wa Japani na Umoja wa Mataifa. Uganda ikafuata na PearlAfricaSat-1 Desemba 2022, yenye kituo chake cha ardhini Mpoma, wilaya ya Mukono. Tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1 ya Shirika la Anga la Kenya ikarushwa kutoka Vandenberg, California. Setilaiti ndogo za aina hii huishi miaka michache, nyingine miezi tu, kisha huungua angani. Timu zake aghalabu ni vijana waliotoka chuoni, ambao mradi ukiisha hutawanyika, huyu kampuni ya simu, huyu Ujerumani kusoma. Kumbukumbu iliyokuwa vichwani mwao hutawanyika nao.

Wasikilizaji wa redio za ridhaa husaidia kidogo. Mtandao wa SatNOGS hukusanya kwa hiari ishara za setilaiti ndogo nyingi kutoka antena zilizo kwenye mapaa ya nyumba za watu duniani kote, na kuziweka wazi. Lakini wanachonasa ni ishara zinazoteremka. Amri zinazopanda hazimo. Hifadhi ya namna hiyo ina majibu bila maswali, na anayeisoma ataona betri imeshuka ghafla Jumapili moja asijue kama ni hitilafu au ni mwanafunzi aliyeagiza kamera iwashwe mara tano.

Je, amri ziwekwe wazi zote? Hapana. Muundo wa amri na funguo zake vikiwa mikononi mwa kila mtu, setilaiti inaweza kutekwa. Ila historia ya amri, yaani saa fulani kamera iliagizwa kupiga Bunyala, haimpi mtekaji chochote. Swift wanaonyesha kwamba unaweza kuitangaza ratiba bila kutoa ufunguo. Nionavyo, mashirika yetu yataelekea kufunga vyote kwa kisingizio cha usalama, kwa sababu kufunga hakuhitaji kazi, ilhali kutenganisha kinachofungwa na kinachofunguliwa kunahitaji mtu akae afikiri. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa Mkenya haki ya kuomba, lakini haki ya kuomba haikupangii jedwali.

Sili za Malaba zina mwiba mwingine. Mahali alipolala dereva ni habari zake binafsi, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Papo hapo, kesi ikifika mahakamani Busia, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ya kielektroniki ilitokana na mtambo gani na ilizalishwa vipi. Ukikisoma kifungu hicho kwa makini utaona kinadai karibu yaleyale wanayodai watunza data wa anga: kifaa gani, katika hali gani, chini ya usimamizi wa nani. Wanasheria walifika hapo kwa njia yao.

Kwa Taifa-1 na zitakazofuata, kianzio hakihitaji fedha nyingi. Jedwali moja kwa kila ombi la picha: aliyeomba, eneo, wakati wa kuomba, wakati amri ilipotumwa, wakati ilipotekelezwa, matokeo, na sababu kama matokeo hayakupatikana, iwe wingu, betri au uamuzi wa mtu. Nakala yake iwekwe kwenye kituo cha kikanda cha ramani kilichoko Kasarani, RCMRD, ambacho tangu 1975 kimezoea kuhudumia nchi nyingi, na awepo mtu mmoja mwenye mshahara wa kulitunza, asiwe fundi wa zamu anayeongezewa kazi. Nzoia ikivunja tena matuta usiku wa Mei, ofisi ya maafa ya kaunti itaweza kuuliza si tu picha iko wapi, bali kama iliagizwa, na kama haikuagizwa, ni saa ngapi na katika meza ya nani ombi lilikwama.